Mikungu ya Shukrani Iliyotutoa Kibanjani

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Sina mume, sina mtoto, na tangu mvua za mwaka jana sina hata mahali pa kuzikwa. Naandika haya nikiwa katika chumba cha kupanga hapa Rwamishenye, Bukoba, ambako nashona nguo za watu kwa cherehani isiyo yangu. Jina langu sitalitaja. Wanaonijua watanitambua, na wasionijua jina haliwasaidii kitu.

Wasomaji wenzangu, msidhani naandika huku nalia. Machozi yangu sijui yalikwenda wapi... Watu huniambia kwamba mtu akisema yaliyomo moyoni anapata nafuu. Haya, tuone!

Nilizaliwa upande wa Muleba, katika kibanja cha ukoo wetu. Asiye Mhaya akisikia kibanja hufikiri ni shamba tu. Kwetu kibanja ni migomba, ni mibuni iliyo chini ya migomba, ni nyumba iliyo katikati, na ni makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Mama yetu amelala humo. Mimi nilipoachwa na mume kwa sababu sikuzaa, nilirudi humo humo, na baba hakuniuliza hata swali moja. Alinionyesha tu mahali pa kuweka mzigo wangu.

Nyumba yetu ilikuwa mushonge, ile nyumba ya zamani ya mviringo ambayo nyasi zake huanzia kileleni zikashuka hadi ardhini. Majirani wengi walikuwa wameshajenga nyumba za pembe nne na kuezeka mabati. Baba alikataa. Alisema bati hupiga kelele mvua ikinyesha, na yeye hapendi kupigiwa kelele nyumbani kwake! Kila kiangazi alitengeneza palipooza, na mimi nikatandika nyasi mpya sakafuni, na nyumba ikanukia vizuri.

Tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Hapa nitamwita Yosia. Mimi niliishia darasa la nne katika shule ya misheni, lakini Yosia alisonga mbele hadi akavuka ziwa kwenda chuo kikubwa huko Uganda. Alijifunza kuchora ramani za majengo. Ukimwona na karatasi zake na penseli zake zilizochongwa kama sindano, ungesema huyu mtoto hakuzaliwa kwenye migomba.

Likizo moja alirudi na futi ya utepe, kama hii ninayopimia viuno vya wateja sasa, ila yake ilikuwa ndefu zaidi. Akasema anataka kuuchora mushonge wetu kabla nyumba za namna hiyo hazijaisha duniani. Mimi nilishika ncha moja ya utepe, yeye akashika nyingine, tukazunguka ndani na nje. Baba alisimama mlangoni na kiko chake.

"Yosia, unaishonea kanzu?" akauliza.

Tulicheka sana siku ile. Yosia alipima nguzo, akapima jiko, akapima hata kibonde kidogo kilichokuwa sakafuni, mkono wa kushoto ukiingia. Alikiandika kwenye karatasi yake bila kuuliza ni cha nini, na mimi sikumwambia kwa sababu nilidhani anajua.

Michoro ile ilimpendeza mwalimu wake, Mzungu mmoja, naye akaituma kwa wenzake Uingereza. Haikupita muda ikaja habari kwamba wataalamu wa historia ya majengo watakuwa na mkutano huko, na wanataka Yosia akasimame mbele yao awaeleze nyumba ya Wahaya. Mwanafunzi mweusi, mtoto wa Muleba! Watamlaza, watamlisha. Ila nauli ya kwenda na kurudi atafute mwenyewe.

Nauli tu... Neno dogo namna hiyo.

Yosia alianza na ofisi ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, pale Bukoba. Karani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kama ana akili timamu. Serikali inahangaika kuwaambia watu waache nyumba za nyasi, halafu itoe fedha mtu akazisifu Ulaya? Akaenda kwenye hazina ya wenyeji. Wakamjibu kwamba fedha za elimu ni za masomo, na mkutano si somo. Akaenda misheni. Mchungaji alimpenda Yosia kama mwanawe, lakini akasema mushonge una mambo mengi ya kipagani na kanisa haliwezi kuupandisha meli. Chama cha wakulima wa kahawa nacho kikasema kwamba kama angekuwa anakwenda kuzungumzia magonjwa ya mibuni, wangelifikiria ombi lake.

Mimi nilicheka niliposikia hilo la mibuni. Yosia hakucheka. Alikaa karibu na jiko, hakugusa ndizi zake.

"Dada, nafasi kama hii hairudi," aliniambia. "Watampa mwingine."

Baba alikuwa amejilaza, tukidhani amesinzia. Kumbe alisikia. Asubuhi alivaa kanzu yake ya kanisani akamwambia Yosia avae viatu, wanakwenda kwa Ta Kamugisha.

Hapa lazima niwaeleze Ta Kamugisha ni nani. Ta ni neno tunalotanguliza kwenye jina la mwanamume mtu mzima, kwa heshima. Ta Kamugisha alikuwa mkubwa wa sehemu zetu. Alikuwa na nyarubanja, yaani eneo kubwa lenye vibanja vingi ndani yake, na wakulima waliomo humo ni watu wake. Tunawaita watwarwa. Kila mwaka humpelekea mikungu ya ndizi na vibuyu vya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Wakiacha kupeleka, anaweza kuwaondoa. Nyarubanja yake ilipakana na kibanja chetu, lakini sisi hatukuwa ndani yake. Kibanja chetu kilikuwa cha ukoo. Hatukumpelekea mtu yeyote hata ndizi moja.

Baba na Ta Kamugisha walikuwa wamenywana. Walipokuwa vijana, kabla ya Ta Kamugisha kurithi ukubwa, walifanya udugu wa damu wa kwetu. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu. Wakachukua buni mbili zilizokaa pamoja ndani ya tunda moja la kahawa, kila mmoja akaipaka yake damu, kisha wakapeana na kumeza. Mtu uliyenywana naye ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Hakunyimi, humnyimi. Hamwekeani mashahidi, kwa sababu shahidi yumo tumboni mwenu. Aliyewashikia kibuyu cha maji siku ile alikuwa mama yetu, akiwa bibi harusi mpya. Hapakuwa na mwingine.

Mimi sikwenda kwa Ta Kamugisha siku ile. Walikwenda baba na Yosia, na walirudi wakiimba! Nauli imepatikana yote! Yosia alinisimulia kwamba baba alitaka kupiga magoti kushukuru, Ta Kamugisha akamshika mikono akamzuia. Alisema, "Huyu ni mtoto wangu kama alivyo wako. Kati yetu wawili hakuna deni." Yosia aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe. Naomba mlikumbuke hilo.

Walipokuwa wanaaga, Ta Kamugisha akaomba kitu kidogo. Watu wa nyumbani kwake wangependa kuonja ndizi za kibanja kilichozaa msomi. Basi mara moja moja, ndizi zikikomaa, baba amtume binti yake alete mkungu na kibuyu cha rubisi. Na ingekuwa vizuri alete siku ile ile wengine wanapoleta, maana ndipo panakuwa na watu wa kupokea.

Ombi dogo kama hilo, ndugu yako wa damu akikuomba, utalikataa? Baba hakulifikiria hata mara moja. Nami ndiye niliyebeba!

Tulimsindikiza Yosia hadi bandarini Bukoba. Alipanda stima na sanduku la bati alilopewa na baba, michoro yake ameizungushia lubugo la zamani la mama, ile nguo ya gome la mti. Baba alisimama kwenye gati hadi stima ikawa kama punje. Tuliporudi Muleba kwa lori la kahawa, watu walitupisha kiti cha mbele. Baba wa msomi na dada wa msomi!

Ndizi za kwanza zilipokomaa nilichagua mkungu mzuri kuliko yote, nikaubeba kichwani hadi kwa Ta Kamugisha. Nilikuta wanawake na mabinti wa watwarwa wamejipanga kwenye lango la uani, kila mmoja na mzigo wake. Nikasimama nyuma yao. Mama mmoja aligeuka akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Na ninyi mmeanza lini, mwanangu?" aliniuliza.

Nikacheka, nikamwambia sisi tunaleta shukrani. Hakucheka. Alisogea mbele kidogo, na mimi nikasogea.

Nilipofika nyumbani nilimweleza baba. Nilimwambia ule mstari haukunipendeza, kwamba watu wanatutazama vibaya. Baba alikasirika, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake.

"Wale wanampelekea bwana wao, mimi nampelekea ndugu yangu. Usinitukanie ndugu, mama."

Akiniita mama ujue mazungumzo yamekwisha. Msimu uliofuata nikabeba tena, na uliofuata tena, mpaka wanawake wale wakanizoea na kuniwekea nafasi mstarini.

Yosia alirudi kutoka Uingereza amenenepa. Alitueleza kwamba ukumbi ulijaa, michoro ya nyumba yetu ikaoneshwa ukutani kwa taa, mikubwa kuliko nyumba yenyewe, na alipomaliza kusema watu walisimama wakapiga makofi. Baba alisikiliza mdomo wazi.

"Waliuliza habari zangu?" akauliza.

Yosia akafikiri kidogo. Akasema waliuliza zaidi habari za nguzo. Kisha akaongeza kwamba kuna swali moja tu lililomshinda, nalo lilihusu kile kibonde cha sakafuni. Aliwajibu kwamba atalichunguza. Lakini wageni walikuwa wanaingia kumpongeza, na mazungumzo yakahamia kwenye baridi ya Ulaya.

Akarejea chuoni kumaliza masomo. Na sisi tukabaki na mikungu yetu.

Mwaka uliofuata walikuja vijana wa Ta Kamugisha wakaanza kuhesabu mibuni yetu. Baba alidhani wamepotea, akawaelekeza kwa jirani. Wakasema hawakupotea. Wameambiwa kwamba kuanzia sasa baba asiuze kahawa wala asikate mgomba bila ruhusa ya mwenye nyarubanja.

Baba alivaa kanzu ile ile ya kanisani akaenda. Hakuruhusiwa kupita langoni. Ndugu yake wa damu alimtumia mtu wa kumwambia kwamba kibanja kile tangu zamani kimo ndani ya nyarubanja ya baba yake, ila sisi tulikuwa tumesamehewa mazao kwa huruma tu. Sasa tumeanza kuyaleta wenyewe, kwa hiari yetu, na kila mtu ameona. Kama tuna ubishi, baraza lipo.

Mimi nilikuwa namenya ndizi baba aliporudi akaniambia hayo. Niliendelea kumenya. Nakumbuka nilimenya nyingi kuliko tulizohitaji, zikaoza.

Majirani waliotuzunguka walikuwa watwarwa, na nani kati yao angemsemea baba dhidi ya bwana wake? Ndugu wa ukoo hatukuwa nao wengi, baba alikuwa mwana pekee. Aliyebaki ni Yosia. Yeye alikuwapo nauli ilipotolewa. Yeye alisikia kwamba hakuna deni. Msomi aliyefika Ulaya akisimama barazani, nani hatamsikiliza? Baba alimtumia habari kwa mtu aliyekuwa anavuka ziwa, na jibu likarudi kwamba atakuja. Tena alikuja kweli! Tulisikia ameteremka bandarini Bukoba siku chache kabla ya kesi, na kwamba siku yenyewe atapanda lori la alfajiri.

Siku ya baraza tulikaa nje ya jengo la gombolola, makao ya utawala wa sehemu zetu, tukitazama barabara. Lori la kwanza lilipita, la pili likapita. Kila mavumbi yakitimka baba alisimama. Mwishowe tukaitwa ndani.

Wazee wa baraza walimwuliza baba kama humpelekea Ta Kamugisha ndizi na pombe. Akasema ndiyo, lakini ni shukrani kwa ndugu. Wakamwuliza nani hupeleka. Akasema binti yangu. Nikaitwa mbele, nikashika Biblia. Wasomaji wenzangu, mngefanyaje? Nilikuwa nimeapa.

Waliniuliza kama nilipeleka kila msimu. Ndiyo. Kama nilipita lango la uani. Ndiyo. Kama nilisimama katika mstari wa watwarwa. Nilijaribu kueleza, mzee mmoja akanikatiza, akasema nijibu nilichoulizwa.

"Ndiyo," nikasema.

Kibanja cha babu zangu kiliondoka kwa neno hilo, nami nikarudi kukaa kwenye benchi!

Baba akaomba kusema. Alisema kwa Kihaya, "Waitu," yaani mabwana zetu, "mimi na huyu tulinywana." Baraza zima likaguna. Mnajua kwa nini? Baba alikuwa Mlutheri aliyebatizwa, na mchungaji wetu aliukataza udugu wa damu kama dhambi kubwa. Ta Kamugisha yeye alikuwa mzee wa kanisa, anayekaa kiti cha mbele. Alisimama polepole akasema yeye ni Mkristo, hajui mambo ya damu na buni, na anamsikitikia mzee mwenzake kwa kumsingizia upagani mbele za watu.

Wakamwuliza baba, shahidi wako yuko wapi? Akasema shahidi ni mke wangu, naye ameshafariki. Wakamwuliza, mwingine? Akatazama mlangoni. Tukatazama wote. Mlangoni palikuwa na kuku tu.

Ndipo baba yangu alipofanya jambo ambalo nalikumbuka kila siku. Aliinua kanzu yake mbele ya baraza, mbele yangu mimi binti yake, akaonyesha kovu lililo karibu na kitovu. Kovu dogo... Akasema, "Na yeye analo. Mwambieni ainue." Watu wakacheka! Kijana mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Mkubwa wa baraza akasema haiwezekani mtu mwenye heshima zake avuliwe nguo kwa ajili ya kesi ya migomba. Ta Kamugisha alikuwa ameshika kanzu yake kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, kama mtu anayesikia baridi. Mimi niliiona ile mikono. Wengine walikuwa wanacheka.

Tulishindwa. Tukapewa hadi mwisho wa msimu tuondoke, kwa kuwa Ta Kamugisha hakutaka mtwarwa mbishi.

Nilimshauri baba twende mbele, kwa Bwana Shauri.

"Na Mzungu naye nikamwonyeshe kitovu changu?" akauliza.

Hatukwenda. Jumapili iliyofuata mchungaji akamtenga baba na meza ya Bwana kwa yale aliyoyakiri barazani mwenyewe. Ta Kamugisha alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, akishika kitabu cha nyimbo. Aliyesema kweli alitengwa, aliyeikana akabaki. Nilikaa pale kanisani nikasubiri nisikie uchungu. Sikusikia kitu. Niliona tu kwamba ukucha wa kidole changu umevunjika, nikautazama mpaka ibada ikaisha.

Tulipohama hatukuwa na mzigo mkubwa. Kabla hatujafika barabarani tulisikia kishindo nyuma yetu. Vijana walikuwa wameanza kuangusha mushonge, maana Ta Kamugisha alitaka kupanda kahawa hadi pale. Baba hakugeuka. Mimi niligeuka. Paa lilikaa chini taratibu, kama mama mtu mzima anayekaa. Kisha likatoka vumbi jingi.

Tukaja Rwamishenye. Baba aliishi katika chumba hiki chenye bati juu, na mvua ikinyesha alikuwa anaziba masikio. Hakuugua ugonjwa wa kutajika. Aliacha kula ndizi za sokoni, akasema hazina ladha, kisha akaacha uji, kisha akaacha kusema. Siku alipofariki nilikuwa napinda gauni la mteja. Nilimalizia pindo kwanza, ndipo nikamfunga macho. Msinilaumu... Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe.

Tungemzika wapi? Mhaya aliyezaliwa kibanjani, baba yake na mkewe wamelala kibanjani, tungemzika wapi? Nilituma mtu kwa Ta Kamugisha kuomba baba alazwe karibu na mama. Jibu lilikuja kwamba pale pameshapandwa mibuni. Mlutheri mmoja wa Kibeta alituhurumia akatupa pembe ya shamba lake, karibu na njia. Hapo ndipo alipo baba yangu. Watu wakipita na baiskeli wanapiga kengele.

Yosia alifika siku ya mazishi, na suti. Alilia sana huyo, wakamshika watu wawili. Mimi nilisimama nikashika mwavuli wa mtu.

Jioni tulikaa wawili chumbani humu, nikamwuliza. Sikumgombeza. Nilimwuliza tu siku ile ya baraza alikuwa wapi. Akaniambia yote. Kumbe aliposhuka stimani alimkuta mtu wa Ta Kamugisha anamngoja. Alipelekwa kwenye nyumba yake ya hapa mjini, akatambulishwa kwa wakubwa wa baraza la Mkama, mfalme wetu, wanaogawa fedha za kwenda kusoma Ulaya. Kulikuwa na safari nyingine, dada. Miaka mitatu, historia ya majengo! Waliokuwa wanaitaka walikuwa wengi. Ta Kamugisha aliahidi kumsemea. Hakumwambia asije Muleba, la. Alimwambia tu kwamba wakubwa wale wanataka kuonana naye siku hiyo hiyo, asubuhi.

"Nilidhani baba atashinda hata bila mimi," Yosia alisema. "Haki ilikuwa yake."

Nilimsikia vizuri. Nikaona kwamba hata yeye anaamini anachosema. Amepata ile safari, anaondoka kesho yake. Ningempiga? Ningemlaani? Nilimwekea chai.

Alikunywa, kisha akafungua mkoba akatoa mchoro wa nyumba yetu, akaukunjua kitandani alipokuwa analala baba. Mushonge wote ulikuwa pale, nguzo zote, kila kitu kwa inchi zake. Akaweka kidole mkono wa kushoto ukiingia. Akaniambia kwa aibu kidogo kwamba kile kibonde bado kinamsumbua. Atasimama tena mbele ya wale wataalamu, watamwuliza tena, na sasa hakuna pa kwenda kutazama. Je, mimi najua kilikuwa cha nini?

Nilikitazama kile kiduara cha penseli. Mama alikaa pale kila jioni kumenya ndizi, tangu alipoletwa bibi harusi mpaka alipokufa. Alipokufa nikakaa mimi. Udongo ulikuwa umechukua umbo letu.

Nikamwambia. Akasema ahsante, akachukua penseli yake nzuri akaandika pembeni, kwa Kiingereza. Asubuhi nilimsindikiza bandarini, akanipungia mkono. Sikumbuki kama na mimi nilipunga.

Basi, wasomaji wenzangu, hayo ndiyo yangu. Wazazi, shukrani mnayodaiwa na mtu mkubwa, itoeni siku moja, mbele ya watu, iishe. Msiipeleke mara ya pili. Msimtume binti yenu akasimame katika mstari usio wake, na akiwaambia kwamba anatazamwa vibaya, msikilizeni! Yule binti ameona alichokiona.

Na ninyi wanafunzi mnaotafutiwa nauli za kwenda kwenye mikutano ya mbali, sisemi msiende. Nendeni, mkapigiwe makofi. Lakini kabla ya kupanda meli, ulizeni nyumbani ni nani anabeba mzigo wa safari yenu kichwani, na anaupeleka kwenye lango la nani. Mkiitwa kuja kusema neno moja, njooni. Pandeni lori la alfajiri. Kuna mzee amekaa nje ya baraza, na kila mavumbi yakitimka, anasimama.